Mtani Haombwi Radhi

"Siipeleki," nilimwambia baba. "Nimeshasema mara tatu. Ukinilazimisha mara ya nne nitaiwashia jiko."

"Ni barua tu, Talato."

"Ina kurasa nne. Barua ya kurasa nne ni kesi ya mahakamani."

"Ni kwa sababu ya herufi. Siku hizi naandika herufi kubwa, la sivyo sizioni." Alizipapasa karatasi magotini. "Ukurasa wa tatu umekaa vizuri sana."

"Ndiyo maana siipeleki."

Alikuwa ameketi uani kwenye kigoda cha marehemu mama, shuka mabegani kwa sababu ya upepo wa vumbi wa Februari, miwani imefungwa kwa uzi sikio la kushoto. Mimi nilisimama na ufagio mkononi, nimechelewa kazini, na tulikuwa tukizozana tangu kabla ya uji.

"Nimekosa, naomba radhi," alisema. "Dunia nzima watu hukosa wakaomba radhi. Wewe unaona ubaya gani?"

"Dunia nzima, sawa. Lakini Toé ni mtani wako. Mtani haombwi radhi. Ukimwomba radhi umekubali kwamba mmekosana, na mkishakosana basi si watani tena. Hayo ulinifundisha wewe mwenyewe nikiwa na miaka sita."

"Basi nitapiga magoti."

"Magoti yapi? Hayo yenye jongo? Na nani atakunyanyua?"

Nikaendelea kufagia vumbi ambalo lingerudi kabla ya saa sita.

Sisi ni Wamosi, watu wa Yatenga. Barnabé Toé ni Msamo, wa Tougan. Mmosi na Msamo wakikutana, hata kama hawajuani, hata kama mmoja ni hakimu na mwenzake ndiye mshtakiwa, hutukanana kwanza ndipo wasalimiane. Wewe mtumwa wangu, mla vichwa vya mbwa, husema Mmosi. Wewe mwizi wa punda, hujibu Msamo, nani kakufungulia zizi? Hakuna anayenuna. Kosa lipo moja tu katika utani, nalo ni kununa. Baba yangu, Noraogo Sawadogo, mshairi, mwongozaji wa filamu, mtu aliyesomwa shuleni, alinuna. Alinuna mbele ya watu, kwenye matanga ya mama, miaka kumi na moja iliyopita, na tangu siku hiyo Toé hajakanyaga kwetu.

Sasa tulikuwa tunamhitaji, na tulikuwa na siku mbili.

Nitaeleza kwa kifupi, maana maisha ya baba ukiyaacha yajieleze yenyewe hayaishi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa akiandika mashairi nyuma ya karatasi za mitihani, na Jumapili akiyasoma redioni. Kitabu chake cha kwanza kilikuwa na jalada la kijani; nakala nyingi zilikaa kwetu chini ya kitanda mpaka mchwa wakazisoma zote. Kisha akasema maneno peke yake hayamtoshi, anataka watu wayaone, akatengeneza filamu. Aliipa jina Mjumbe wa Njia Ndefu. Ni kisa cha mateka wa Kisamo anayetumwa na mfalme wa Wamosi kutangaza vita, na kila kijiji anachopita anaubadilisha ujumbe kidogo, anaugeuza matani, hata anapofika mwisho hakuna anayekumbuka kulikuwa na vita. Toé ndiye alikuwa mjumbe. Hakuwa mwigizaji, alikuwa fundi redio. Mama ndiye aliyewalisha wote. Alikuwa mpika pombe ya mtama, na katika miezi mitatu ile vyungu vyake vilijaa ugali na mchuzi wa bamia badala ya pombe.

Filamu ikapendwa. Baba akaitwa miji ya mbali, akarudi na koti zito lisilofaa kwa joto letu na sanamu ya chuma ya ushindi. Sanamu mama aliiweka jikoni akawa anaanikia kichujio chake. Filamu ya pili haikumpendeza mtu. Ya tatu haikuisha. Mvua ya Agosti ilisomba kijiji kizima cha udongo walichokijenga kwa ajili yake, na kwa kuwa jina letu la ukoo maana yake ni wingu, mji mzima ulicheka. Toé alicheka kuliko wote. "Wingu limejinyeshea," alisema. Baba naye alicheka. Siku hizo alikuwa bado anajua kucheka.

Mimi sikurithi lolote katika hayo. Nina stashahada ya maabara, napima maji ya mji. Nimelea watoto watatu na baba mmoja, na baba ndiye mgumu.

Mwaka jana picha za ile filamu ya kwanza zilipatikana nje ya nchi, katika ghala la watu, zikiwa nzima. Binti yangu Poko, anayefanya kazi kituo cha filamu hapa Ouagadougou, alizisafisha mwaka mzima. Lakini picha ilikuwa mbali na sauti. Kanda za sauti zilikuwa kwetu mtaa wa Gounghin, katika mikebe sita, kwenye chumba kimoja chenye kiyoyozi, ambacho kilikuwa chumba cha Poko mpaka babu yake alipomhamisha. Kiyoyozi bila umeme ni sanduku tu, na umeme wetu kila msimu wa joto mnaujua. Poko alipotaka kanda nilifungua mkebe wa kwanza mwenyewe. Kabla kifuniko hakijatoka nilishajua. Siki. Kazini harufu hiyo ina jina na namba. Nyumbani maana yake ni kwamba kanda imekufa. Zilikuwa zimeshikana kama tambi zilizolala.

Kituo kilipanga filamu ionyeshwe Jumamosi, uwanjani, hapo hapo Gounghin, kumheshimu mzee. Studio ya sauti Poko na wenzake walipewa kwa siku tatu. Jumatano baba alikwenda kusema yeye mwenyewe maneno ya Toé. Nilikuwepo. Alisema shairi lake lote, neno kwa neno, kwa sauti nzuri, na kila mara Poko akamsimamisha.

"Babu, hapa midomo imefungwa. Wewe bado unaongea."

"Rudia."

"Babu, hapa anasema neno fupi. Wewe umetia mstari mzima."

Walifanya hivyo kwa muda wa saa nne. Mwishoni baba akavua visikizi vya masikioni akasema polepole, "Hayo si maneno yangu. Mimi nilimpa shairi. Yeye aliyasema ya kwake." Akakaa. "Nusu ya filamu ile ni ya Toé, na maneno yake sikuyaandika popote."

Wengine mtauliza, si ionyeshwe hivyo hivyo, bubu? Poko aliuliza pia. Lakini macho ya baba yanazimika. Daktari amesema asitarajie kuiona mvua ya mwaka huu. Picha ile ambayo binti yangu ameisafisha mwaka mzima, kwake ni ukungu wenye mwanga. Kilichobaki ni kuisikia. Jumamosi watamkalisha kiti cha mbele, mji mzima utaangalia filamu yake, na yeye atakaa gizani na kimya.

Basi usiku ule wa Jumatano akaandika barua. Na asubuhi ya Alhamisi ndiyo tulikuwa tukigombana juu yake.

Poko aliingia na pikipiki hadi uani, jambo nililomkataza tangu ainunue, akavua kofia bila kuzima injini.

"Nimetoka kwa mzee Toé," alisema.

"Nani kakutuma?" baba akauliza.

"Kazi imenituma, Babu. Studio inafungwa kesho saa kumi."

"Zima hicho kitu," nikamwambia. "Amesemaje?"

Poko alizima. Alitazama chini. "Alinikaribisha vizuri sana. Alinipa kiti. Akaniletea maji ya unga ya mgeni. Akasema, 'Mfikishie Bwana Sawadogo salamu zangu za heshima. Mwambie namtakia afya njema na filamu yake.'"

Baba alishika ukingo wa kigoda. "Alisema *za heshima*?"

"Ndiyo."

"Hakunitukana hata kidogo? Hata punda?"

"Hapana, Babu."

Hapo nikaelewa kwamba mambo ni mabaya kuliko nilivyodhani. Mtani akikutukana, uko hai. Mtani akianza kukupa heshima, ujue ameshakuzika.

Mnaotaka kujua ilikuwaje, ilikuwa hivi. Mama alipofariki Toé alikuja siku ya pili, kama ilivyo haki ya mtani. Alichukua kitambaa cha kichwa cha mama, kile cha samawati chenye ndege, akakifunga kichwani. Akachukua kibuyu chake cha kuchotea pombe. Akaanza kupita kati ya waombolezaji akiwa mama. Aliwapimia watu hewa kwenye kibuyu, akawakaripia walevi wake kwa majina, akamwambia padri amejaza kikombe mno. Watu waliokuwa wanalia tangu jana walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi pia, nami nilikuwa sijala siku mbili. Halafu akasimama mbele ya baba, mkono kiunoni, akasema kwa sauti ya mama kabisa, "Wewe Jogoo!" Ndilo jina la baba, Noraogo ni jogoo. "Unawika tu, unawika tu. Lakini siku nitakapoondoka—"

Hakumaliza. Baba alikinyakua kile kitambaa, akasema, "Toka nyumbani kwangu."

Bibi mmoja aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Toé aliweka kibuyu kizingitini, taratibu, akaondoka. Matanga yakaendelea, lakini kila mtu alijua yamekatika. Mama alizikwa nusu.

"Mama," Poko aliniambia sasa, "umefungua mikebe yote? Wa sita pia? Labda mmoja umepona. Hata dakika mbili za sauti yake zingenisaidia."

"Wa sita acha," baba akasema haraka.

"Kwa nini?"

"Umeoza huo. Nimeunusa."

"Umenusa mkebe uliofungwa kwa mpira?" nikasema. "Pua hiyo ingekuwa kazini kwangu tusingenunua mashine."

Niliingia chumbani. Mkebe wa sita ulikuwa chini kabisa, umezungushiwa kipande cha mpira wa tairi. Baba alikuja nyuma yangu akipapasa ukuta, akisema Talato, Talato, sikiliza, mama. Nikaufungua.

Hakukuwa na kanda. Kulikuwa na kitambaa cha samawati chenye ndege, kimekunjwa mara nne, kinanuka siki kama saladi.

Nilichoka ghafla, uchovu wa kukaa chini. Nikakaa juu ya mikebe. Kumi na moja, nilikitafuta kitambaa hicho miaka kumi na moja. Niliwashuku mashangazi wawili, na mmoja wao hajanisamehe hadi leo.

"Nilikiweka hapo siku ile ile," baba alisema mlangoni.

"Kwa nini ulimfukuza yule mtu?"

"Unadhani nilikasirika?"

"Mji mzima unadhani."

"Sikukasirika." Alivua miwani, ingawa haikuwa inamsaidia wala kumzuia. "Niliinamisha kichwa, nilikuwa nalia, nikamsikia mama yako. Kwa sauti yake. *Wewe Jogoo.* Talato, nilidhani amerudi. Kwa muda wa pumzi moja nilikuwa na mke. Nikainua kichwa nikaona ndevu."

Poko alicheka, akajiziba mdomo.

"Cheka tu," babu yake akamwambia. "Nilipaswa kucheka mimi."

"Na hayo ndiyo umeandika ukurasa wa tatu?" nikauliza.

"Ndiyo. Ila kwa mafumbo."

"Mungu wangu."

Alinyoosha mkono. Nilimpa kitambaa, nikidhani anataka kukirudisha mkebeni. Alikipapasa pindo mpaka akaipata sehemu iliyoungua siku mama alipokishikia sufuria. Halafu akatoka uani, akaokota barua yake kigodani, kurasa zote nne, na wa tatu ukiwa ndani, akazitia kwenye jiko la mkaa chini ya birika langu. Zilishika moto vizuri. Karatasi ya shule ni nzuri kwa kuwashia.

"Poko, nenda studio ukakae tayari," alisema. "Talato, washa pikipiki yako."

"Nina kazi, Baba."

"Maji ya mji hayaendi popote."

Ndipo akakifunga kile kitambaa kichwani mwake mwenyewe, upande, kama mtu anayefunga jeraha.

"Hutatoka hivyo," nikasema.

"Natoka hivyo."

Kutoka Gounghin hadi Tampouy, mtaa wa Toé, si mbali, lakini kuna taa nne za barabarani, na zote zilitushika. Mzee wa miaka sabini na minane, suti ya kaunda, kitambaa cha ndege, ameshika kiuno cha bintiye. Fundi tairi mmoja alipiga kelele, "Mama, unampeleka wapi bibi harusi? Mbona kazeeka njiani?" Kwenye taa ya tatu mwanamke mwenye kapu la kuku aliniuliza kwa huruma kama mzee ana malaria. Nilitazama mbele. Baba nyuma yangu alikuwa akinong'ona. Nilidhani anasali, kumbe anafanya mazoezi ya matusi.

"Mla mbwa... hapana. Wewe mkia wa mbwa..."

"Usiandike," nikamwambia juu ya bega. "Sema tu."

Toé alikuwa kwake barazani, ungo wa karanga mapajani, anabangua. Amezeeka vibaya kuliko baba, amebaki masikio. Alipotuona aliweka ungo chini akasimama wima, mikono pembeni.

"Bwana Sawadogo," alisema. "Karibu sana. Umetuheshimu."

Baba alikuwa akishuka; vidole vyake viliniuma begani. Sikuwahi kuona mtu akiumizwa kwa heshima, tena kwa karibu hivyo.

"Nani kakwambia usimame?" baba akasema. Akakohoa. "Mtumwa hukaa mpaka aambiwe. Nimepita sokoni, nikaambiwa vichwa vya mbwa vimekwisha tangu asubuhi. Nikasema basi, Toé yuko mjini."

Toé aliokota karanga moja, akaivunja, akala. Mbuzi wa jirani alilia. Niliwaza kwamba nitamrudisha baba nyumbani hivyo hivyo, na kwenye taa nne zile zile.

"Miaka kumi na moja," Toé akasema hatimaye, "na tusi ni hilo hilo? La mbwa? Mshairi mzima?"

"Nilikuwa na kurasa nne. Talato kapikia chai."

"Talato ana akili. Kazitoa kwa mama yake, kwa kuwa kwako hakukuwa na akiba." Alishuka barazani. "Nani amekufunga hicho?"

"Mimi mwenyewe."

"Inaonekana. Umekuwa kama chungu kilichofunikwa na mlevi." Akamfikia, akalifungua fundo, akakileta kitambaa puani. "Mbona kinanuka siki?"

"Nilikiweka pamoja na sauti yako."

"Ikawaje?"

"Sauti imeoza. Kitambaa kimepona."

Toé alikikung'uta mara mbili, vumbi likatoka. Kisha akakifunga kichwani pake bila kioo, fundo kushoto juu ya sikio, ncha moja imeinama, vile vile kama mama alivyokuwa akifunga alfajiri kabla ya kuwasha moto chini ya vyungu. Akaweka mkono kiunoni. Mimi nilikuwa bado nimekaa juu ya pikipiki na sikuweza kushuka.

"Wewe Jogoo!" alisema mama yangu. "Unawika tu, unawika tu. Lakini siku nitakapoondoka, nani atakwambia kumekucha?"

Baba alicheka. Alianza kwa kukohoa, halafu ikawa kicheko, akaniangukia kidogo, machozi yakimtoka kwenye macho yale yasiyofaa kitu, na hakuyafuta. Toé alimwacha acheke mpaka aishiwe. Ni haki yake, alikuwa amesubiri.

"Studio inafungwa kesho saa kumi," nikasema, kwa sababu mtu mmoja lazima aseme. "Maneno unayakumbuka?"

"Yapi? Ya baba yako sikuyashika hata siku ile ya kwanza. Yangu ninayo." Alimwaga karanga mfukoni mwa kanzu. "Lakini Msamo hapandi nyuma ya Mmosi."

"Basi panda katikati," baba akasema, "nikulinde usianguke, mali yangu."

"Mali yako ni jongo."

Alipanda katikati, kitambaa kichwani. Baba akapanda nyuma yake akamshika kiuno. Watatu kwenye pikipiki moja ni kosa la barabarani, nalijua. Niliiwasha tukaondoka.